Vifo vya vita Kongo: uchukue hesabu ya nani? UCDP, ACLED, tafiti za kaya na orodha za majina

Ukitafuta mtandaoni vita vya Kongo vimeua watu wangapi, jibu la kwanza litakuwa milioni 5.4. Ukichimba kidogo utakuta laki mbili. Namba ya kwanza ni ya shirika la International Rescue Committee (IRC), na inahusu Agosti 1998 hadi Aprili 2007. Ya pili ni ya wanademografia wawili wa Ubelgiji, André Lambert na Louis Lohlé-Tart, nayo inaishia 2004. Zote mbili ni hesabu za vifo vya ziada, yaani vifo ambavyo visingetokea kama vita visingekuwepo, na waliozitoa ni watu wanaoijua kazi yao. Kisha fungua kanzidata za matukio za UCDP au ACLED, miradi miwili inayoandika kila shambulio na waliouawa humo, ujumlishe mwaka kwa mwaka: utapata namba iliyo chini kwa mbali ya hiyo milioni 5.4.

Hakuna aliyedanganya hapo. Kila mmoja alijibu swali lake. Tatizo huanza pale mtu anapochora mstari mmoja wa "vifo vya vita DRC tangu 1990" kwa kuokota namba kutoka kwa kila mmoja wao. Ulinganisho huu ni kwa mwandishi wa habari, mwanafunzi au afisa wa shirika anayelazimika kuchagua. Ushauri wetu tunautanguliza: kwa mwelekeo wa miaka mingi tumia UCDP peke yake, kwa kinachotokea mwezi huu tumia ACLED, kwa uzito mzima wa vita, njaa na maradhi yakiwemo, nenda kwenye tafiti za kaya, kwa kesi, fidia au kumbukumbu, orodha ya majina. Na usiunganishe mbili kati ya hizo katika mstari mmoja.

| | UCDP GED | ACLED | Utafiti wa kaya | Orodha ya majina |
|---|---|---|---|---|
| Mwanzo kwa Kongo | 1989 | 1997 | kipindi kilichoulizwa tu | tukio au kipindi kimoja |
| Nani anahesabiwa | aliyeuawa kwa silaha | aliyeuawa kwa silaha, pia katika ghasia na maandamano | kila aliyekufa, kwa sababu yoyote | mtu mwenye jina |
| Kiwango cha kuingia | vifo 25 kwa mwaka | hakuna | hakuna | ushahidi wa utambulisho |
| Namba inayotolewa | ya chini, bora, ya juu | moja | wastani na masafa ya uhakika | idadi ya waliothibitishwa |
| Kusasishwa | kila mwaka, na toleo la awali kila mwezi | kila wiki | hapana | hapana |

UCDP: mlango mwembamba, lakini haubadiliki

Mradi huu uko Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden. Faili unalolitaka linaitwa GED. Kila mstari ni tukio moja: tarehe, mahali, pande mbili, na waliokufa wamegawanywa katika safu nne, upande wa kwanza, upande wa pili, raia, na wasiojulikana. Kando yake kuna safu tatu za jumla: makadirio ya chini, bora na ya juu (`low`, `best`, `high`).

Safu ya `type_of_violence` ndiyo inayowapoteza wengi. Namba 1 ni mapigano ambayo upande mmoja ni serikali. Namba 2 ni makundi kupigana yenyewe kwa yenyewe, kama wanamgambo wa Mai-Mai dhidi ya Mai-Mai wengine. Namba 3 ni kuua raia kwa makusudi, awe muuaji ni serikali au kundi lililojipanga. Kwa nchi nyingi aina ya kwanza ndiyo inayobeba hesabu. Kwa Kongo sivyo. Mauaji ya Beni, Kivu Kaskazini, yaliyoanza Oktoba 2014, ambayo mengi yanahusishwa na ADF, kundi la waasi lenye asili ya Uganda, huingia kwenye namba 3. Ukichuja ukabakiza namba 1 peke yake, Beni inatoweka kwenye grafu yako.

Na ndivyo hasa inavyotokea kwa anayechukua takwimu Benki ya Dunia. Kiashiria chao chenye msimbo VC.BTL.DETH kinatokana na UCDP, lakini kinahesabu vifo vya mapigano tu. Mauaji ya raia ya makusudi hayamo. Tumeona grafu nyingi za Kongo zilizochorwa kwa kiashiria hicho zikiwa na kichwa cha "vifo vya vita", na hakuna aliyesoma maelezo ya chini. Ukikitumia, kiite kwa jina lake: vifo vya mapigano.

Mtego wa pili ni wa mipaka. Seti ya vifo vya mapigano hupanga vifo kwa mzozo, na mzozo kwa serikali inayopigwa vita. Mpiganaji wa ADF akiuawa na jeshi la Uganda ndani ya msitu wa Ituri, kifo hicho ni cha mzozo wa Uganda, ingawa damu imemwagika Kongo. Tangu operesheni Shujaa ya Uganda na Kongo ianze Novemba 30, 2021, jambo hili si dogo. GED inaepusha hilo, maana ina safu ya nchi ambayo tukio lilitokea: chuja `country_id` 490 na utapata kila kilichotokea ndani ya DRC, awe nani alipigana na nani.

Kuhusu kiwango cha vifo 25: pande zinazohusika zinapaswa kufikisha angalau vifo 25 katika mwaka mmoja ndipo ziingie. Zikishaingia, GED hubaki na matukio yao hata ya miaka isiyofikia 25, ila safu ya `active_year` husoma 0. Wengine hulitupa hilo la 0 bila kufikiri. Kwa hesabu ya vifo liache. Kwa hesabu ya "migogoro hai mwaka huu" litoe.

Udhaifu wake mkubwa kwa Kongo ni jina la muuaji. UCDP hutaka kundi lijulikane. Mashariki ya Kongo, taarifa nyingi husema "watu wenye silaha wasiojulikana" waliingia kijijini usiku. Kifo cha namna hiyo kina nafasi ndogo ya kuingia, hata kama kila mtu kijijini ana hisia zake ni akina nani. Kwa hiyo `best` ya UCDP isomwe kama sakafu.

ACLED: mlango mpana, lakini upana wake unakua

ACLED huingiza tukio hata kama hakuna aliyekufa, hata kama muuaji hajulikani. Huandikwa tu kuwa ni kundi lisilojulikana. Hutoka kila wiki. Lazima ujisajili ili upakue. Aina zake ni sita: mapigano, milipuko na mashambulizi ya mbali, ukatili dhidi ya raia, maandamano, ghasia, na matukio ya kimkakati. Kama swali lako ni vita, amua mapema kama ghasia zinaingia, na uliseme hilo wazi.

Safu yake ya vifo ni moja tu, haina chini wala juu. ACLED wenyewe husema kwamba hiyo ndiyo safu yenye upendeleo mkubwa kuliko zote walizo nazo. Sababu utaiona ukisoma mwongozo wao. Taarifa ikisema "watu kadhaa" bila namba, huandikwa 10 au 3 kulingana na ukali wa mahali. Ikisema "makumi", huandikwa 12. "Mamia" huwa 100. Ni kanuni ya busara, kwa kuwa huwezi kujumlisha neno "kadhaa". Lakini ukipanga safu ya vifo kwa ukubwa na kuona 10 na 3 zimerundikana, ujue sehemu ya hizo ni kanuni, si maiti zilizohesabiwa. Jambo jingine: mapigano ya siku tatu yaliyoua 10 huvunjwa kuwa mistari mitatu na vifo kugawanywa katika siku hizo. Kwa hiyo idadi ya mistari si idadi ya mashambulizi.

Raia nao wana mtego wao. Ukichuja "ukatili dhidi ya raia" hupati raia wote waliokufa. Aliyepigwa risasi iliyopotea kati ya FARDC (jeshi la Kongo) na waasi wa M23 yumo kwenye jumla ya mapigano, amechanganyika na askari, na huwezi kumtoa humo. UCDP, yenye safu ya raia katika kila aina ya tukio, ni bora hapa.

Lakini kasoro inayotufanya tusiipendekeze kwa mwelekeo wa miaka mingi ni nyingine kabisa. ACLED huongeza vyanzo kadiri miaka inavyokwenda: redio za mitaani, mashirika washirika, lugha mpya. Hilo ni zuri kwa wiki hii na baya kwa grafu ya miaka 25. Mstari ukipanda, huwezi kujua kwa urahisi kama waliouawa wameongezeka au wanaosikia wameongezeka. UCDP nayo haijasalimika; miaka ya 1998 hadi 2003 ilikuwa na waandishi wachache sana msituni, na vifo vingi vya wakati ule havikuandikwa na mtu yeyote. Ila kwa UCDP kanuni ya kuingia ni ile ile tangu 1989, na vifo vya miaka ya nyuma hurekebishwa katika kila toleo la mwaka.

Kwa Kivu pekee kuna chombo cha tatu, Kivu Security Tracker, kilichoanzishwa mwaka 2017 na Congo Research Group pamoja na Human Rights Watch, ambacho baadaye kiliongeza Ituri. Kinafaa kukagua tukio moja moja kwa miaka yake. Si cha kuchorea nchi nzima.

Goma, Januari 2025: tukio moja, namba nne

Tofauti za kanuni zinaonekana vizuri pale mji mkubwa unapoanguka. M23 waliingia Goma mwishoni mwa Januari 2025. Umoja wa Mataifa, ukinukuu tathmini ya Shirika la Afya Duniani (WHO) na washirika wake, ulisema watu wasiopungua 700 waliuawa kati ya tarehe 26 na 30. Siku chache baadaye zikatajwa maiti 900 zilizokuwa hospitalini. Mwanzoni mwa Februari MONUSCO, ujumbe wa Umoja wa Mataifa wa kulinda amani Kongo, ikataja 2,900: 2,000 waliokwisha kuzikwa na 900 waliobaki vyumba vya maiti. Februari 24, huko Geneva, Waziri Mkuu Judith Suminwa akasema zaidi ya 7,000 wamekufa mashariki tangu Januari, na maiti zaidi ya 2,500 zilizikwa bila kutambuliwa.

Anayeingiza data kwa haraka ataandika mistari minne na kujumlisha 11,500. Namba hizo hazijumlishwi. 700 imo ndani ya 2,900. 900 imo ndani ya 2,900, tena imetajwa waziwazi. 7,000 si ya Goma peke yake, na kipindi chake ni kirefu zaidi. Kazi ya mwandikaji ni kuuliza mambo matatu kwa kila namba: eneo gani, tarehe ipi hadi ipi, na ni jumla inayoendelea au ni nyongeza?

Kisha kuna swali la nani. Maiti iliyozikwa haijasema kama ilikuwa ya askari, ya mpiganaji au ya muuza mkaa. Kwa UCDP kuna safu ya wasiojulikana kwa ajili hiyo, na tofauti kati ya namba huweza kuwekwa kwenye chini na juu. Kwa ACLED inabidi namba moja ichaguliwe, na desturi yao ni kuchukua iliyo ya tahadhari zaidi. Ndiyo maana kwa tukio kubwa lenye utata vyanzo hivi viwili huachana sana, wakati kwa shambulio la kijiji lenye wafu saba hukaribiana. Ukikuta jumla ya mwaka fulani imetofautiana kati ya vyanzo, usianze kutafuta nadharia. Panga matukio kwa ukubwa, angalia kumi ya juu. Mara nyingi tofauti nzima iko humo.

Tafiti za kaya: namba kubwa, na nanga yake

Hapa swali linabadilika. Mdodosaji hamuulizi mama nani alimpiga risasi mumewe. Anaandika waliokuwa wanaishi kwenye kaya siku kipindi kilipoanza, nani amezaliwa, nani amehamia, nani ameondoka, nani amekufa na kwa sababu gani. Siku ya kuanzia hufungwa kwa jambo ambalo kila mtu analikumbuka: Krismasi, mwanzo wa Ramadhani, siku mji ulipoanguka. Bila hivyo vifo vya kabla ya kipindi huvutwa ndani, kwa kuwa hakuna anayesahau kifo lakini wengi husahau mwezi.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Chukua mfano wa utafiti wa vishada 30 (kishada ni kundi la kaya za mahali pamoja), kila kimoja kaya 30, wastani wa watu 5 kwa kaya: watu 4,500. Kipindi ni siku 90, kwa hiyo siku-watu 405,000. Vifo vikiwa 40, kiwango ni 0.99 kwa kila watu 10,000 kwa siku, kwenye ukingo wa kipimo cha dharura kinachotumika sana, ambacho ni 1. Lakini watu wa kishada kimoja hufanana, na shambulio moja hulenga kijiji kimoja. Ukichukua athari ya muundo (kizidisho kinachofidia kufanana huko) ya 1.5, masafa ya uhakika ya asilimia 95, yaani upana ambamo kiwango halisi kinaweza kuwa, ni takriban 0.6 hadi 1.4. Yaani data hiyo hiyo inaruhusu useme hali ni ya kawaida kiasi au useme ni janga. Anayeripoti 0.99 bila masafa anamficha msomaji.

Vipimo navyo hutofautiana. IRC walitumia vifo kwa kila watu 1,000 kwa mwezi. Wengine hutumia kwa kila 10,000 kwa siku. Kuhamisha: gawa ya kwanza kwa 3.04. Kiwango cha 2.2 ambacho IRC walikipata nchi nzima katika utafiti wao wa mwisho ni sawa na 0.72.

Utafiti huo, ulioripotiwa Januari 2008, ulifika kaya 14,000 katika maeneo ya afya 35 ya majimbo yote 11 ya wakati ule. Ni kazi kubwa. Na matokeo yake ambayo hayanukuliwi vya kutosha ni haya: ukatili wa moja kwa moja ulisababisha asilimia 0.4 tu ya vifo vya kipindi kilichoulizwa. Waliobaki walikufa kwa malaria, kuhara, nimonia, utapiamlo, uzazi. Ndiyo maana UCDP na IRC hawawezi kukaa kwenye mstari mmoja.

Ugomvi uko kwenye nanga. Ili upate vifo vya ziada lazima useme vifo vingekuwa vingapi bila vita. IRC walitumia kiwango cha karibu 1.5 kwa 1,000 kwa mwezi, wakikifunga kwenye wastani wa Afrika kusini mwa Sahara. Watafiti wa Human Security Report Project wakajibu kwamba Kongo ilikuwa chini ya wastani huo kwa afya hata kabla ya vita, na nanga ingefaa kuwa 2.0. Kwa badiliko hilo moja, vifo vya ziada vya Mei 2001 hadi Aprili 2007 vilishuka kutoka milioni 2.83 hadi 0.86.

Unaweza kulikagua kwa kikokotoo cha simu. Tofauti ya 0.5 kwa kila 1,000 kwa watu milioni 60 ni vifo 30,000 kwa mwezi. Kipindi hicho ni miezi 72. Jumla ni milioni 2.16, karibu kabisa na pengo la milioni 1.97 lililotajwa. Kwa maneno mengine, karibu watu milioni mbili wamo ndani ya nusu kifo kwa elfu, na nusu hiyo hakuna aliyeipima: Kongo ilifanya sensa ya mwisho mwaka 1984. Lambert na Lohlé-Tart walikwenda njia nyingine, wakatumia sensa hiyo hiyo pamoja na uandikishaji wa wapiga kura wa 2005 na 2006, wakafika kwenye laki mbili. Njia yao nayo inasimama juu ya makadirio ya uzazi na uhamaji ya miaka ishirini. Kwa maoni yetu hakuna kati ya hizo mbili inayofaa kutajwa peke yake bila nyingine.

Kasoro mbili zaidi za tafiti za kaya hazirekebishiki kwa hesabu. Kaya iliyouawa yote haina wa kujibu dodoso. Na vishada vilivyoko nyuma ya mstari wa mapigano hubadilishwa na vilivyo salama. Ripoti nzuri husema ni vingapi vilivyobadilishwa na wapi. Tafuta sentensi hiyo kwanza, kabla hujatazama jedwali.

Kutumia tafiti kwa mwelekeo wa muda kunawezekana kwa shida. IRC walifanya tano kati ya 2000 na 2007, na za mwanzo zilihusu mashariki tu. Ukizipanga kwa mstari, hakikisha unalinganisha eneo lile lile.

Orodha za majina

Kwa mahakama, fidia na mnara wa kumbukumbu, makadirio hayana kazi. Mfano mkubwa katika kanda hii ni Rwanda: serikali iliwahesabu wahanga wa mauaji ya kimbari na kutoa namba mbili, 1,074,017 waliotajwa na 934,218 waliothibitishwa. Pengo la watu 139,799 kati ya kutajwa na kuthibitishwa linaonyesha kazi iliyopo hata pale serikali ina watu kila kijiji. Kongo haina orodha ya nchi nzima. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2010, iliyopitia Machi 1993 hadi Juni 2003, iliorodhesha matukio 617 mabaya zaidi na haikujaribu kutoa jumla ya wafu. Ofisi ya pamoja ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa huko Kongo, inayojulikana zaidi kwa kifupi cha Kifaransa BCNUDH, huthibitisha kesi moja moja. Namba zake ni imara na ni pungufu, na zote mbili ni kwa sababu moja: uthibitisho.

Ukiwa na orodha mbili zilizotengenezwa bila kushauriana, unaweza kukadiria wasioandikwa. Orodha A ina majina 300, B ina 200, na 60 yamo kwa zote mbili. Zidisha 300 kwa 200, gawa kwa 60: waliokufa ni karibu 1,000. Walioandikwa ni 440, hivyo 560 hawajaandikwa popote. London School of Hygiene and Tropical Medicine walitumia njia hii kwa orodha tatu huko Khartoum, wakakadiria vifo zaidi ya 61,000 kati ya Aprili 2023 na Juni 2024, zikiwemo 26,000 za majeraha ya kukusudia. Kwa kipindi hicho ACLED ilikuwa na 20,178 za aina hiyo kwa Sudan nzima. Pengo la namna hiyo likumbukwe kila unaposoma "waliorekodiwa".

Njia hii huvunjikia kwenye kuoanisha majina. Ukikosa kutambua kwamba majina 20 ni ya watu wale wale, mwingiliano unashuka hadi 40 na makadirio yanapanda hadi 1,500. Ukioanisha ovyo hadi 90, yanashuka hadi 667. Beni na Butembo ni pagumu kupita kawaida, kwa kuwa Wanande huita watoto kwa mpangilio wa kuzaliwa: Paluku, Kambale, Kasereka, Kakule, Masika. Kijiji kimoja kinaweza kuwa na Kambale kumi. Jina peke yake halitoshi hapo. Chukua na jina la pili, umri, kijiji, tarehe ya kifo na jina la mzazi, na uoanishe kwa angalau vitatu kati ya hivyo. Na sharti la orodha kutoshauriana ni gumu: kama shirika B lilianza na orodha ya A, mwingiliano ni wa bandia na makadirio yatakuwa madogo mno.

Makadirio ya WHO na ya IHME (taasisi ya takwimu za afya ya Marekani), ambayo yapo kwa kila nchi na kila mwaka, tunayapita haraka. Ni mifano ya kihesabu, na kwa vita hulishwa sehemu kubwa na kanzidata zile zile za matukio. Yanafaa kulinganisha vita na malaria au ajali. Usiyatumie "kuthibitisha" UCDP. Ni kumuuliza shahidi yule yule mara mbili.

Ukishachagua UCDP: kujenga mstari wenyewe

Pakua GED toleo la mwaka, si la kila mwezi. Toleo 25.1, kwa mfano, linaishia 2024. Andika namba ya toleo, kwa sababu toleo lijalo litabadilisha hata miaka ya zamani. Ya kila mwezi ni ya awali. Ukiiunganisha mwishoni, chora kipande hicho kwa nukta.

Usifungue CSV kwa kubofya mara mbili kama kompyuta imewekwa Kifaransa, na Kongo nyingi ziko hivyo. Excel hutarajia mkato badala ya nukta, na latitudo ya 1.5 inaweza kugeuka kuwa tarehe. Ingiza faili kupitia menyu ya data, chagua UTF-8, na uweke nukta kuwa alama ya desimali.

Chuja nchi 490, bakiza aina zote tatu, jumlisha `best`, `low` na `high` kwa mwaka. Kisha angalia `date_prec`: 5 maana yake tarehe inaweza kuwa popote kati ya zaidi ya mwezi hadi mwaka mzima. Kwa jumla ya mwaka haina shida. Kwa grafu ya mwezi itazalisha mlima usiokuwepo.

Ukitaka majimbo, usitegemee jina la jimbo. Mwaka 2015 majimbo 11 yaligawanywa kuwa 26. Ituri ilitoka Orientale, Tanganyika ikatoka Katanga. Chukua latitudo na longitudo, uziweke juu ya ramani ya majimbo 26 kwa programu ya ramani ya QGIS, ili 1999 na 2023 zitumie mipaka ile ile. Kabla ya hapo toa mistari yenye `where_prec` 6 na 7, na 5 uikague kwa macho: hiyo 6 maana yake mwandikaji anajua nchi tu, na nukta yake kwenye ramani ni ya kubuni. Kivu mbili hazikuguswa na mgawanyo, kwa hiyo ukiwa na haraka anza nazo.

Kwa kiwango kwa kila watu 100,000, idadi ya watu itatoka kwenye makadirio ya Umoja wa Mataifa. Kitaifa inakubalika. Kwa wilaya kama Rutshuru au Djugu, ambako watu hukimbia na kurudi ndani ya mwaka mmoja, achana na kiwango, toa idadi.

Chini ya grafu weka maneno ya namna hii: "Watu waliouawa moja kwa moja katika mapigano na mauaji ya raia ndani ya mipaka ya DRC, 1989–2024. UCDP GED toleo 25.1, makadirio bora; kivuli ni kati ya makadirio ya chini na ya juu. Vifo vya njaa na maradhi havimo. Taarifa za 1998–2003 ni chache kuliko za miaka ya baadaye."